Mafuta ya Taa, Moto na Maji: Juu ya Kuwakinga Watoto na Ajali za Nyumbani



Ajali impatapo mtoto nyumbani, aghalabu twaiita kudura, kisha lawama tukamtwika mama, kana kwamba mja mmoja mwenye kupika, kufua na kuteka maji aweza kumkodolea macho mtoto tangu alfajiri hata magharibi. Hukumu hiyo ni dhuluma, wala haimwokoi mtoto. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2008 ilikadiria kuwa watoto zaidi ya 2,000 walikuwa wakifa kila siku duniani kwa majeraha yasiyokusudiwa, na kwamba wapatao 1,000 wangaliokolewa lau kinga zilizokwisha kujulikana zingalitumiwa kila mahali. Rai yangu, basi, ni kwamba nyumba yenyewe itengenezwe hata kosa dogo lisizae mauti.

Chukueni mafuta ya taa, ambayo katika nyumba nyingi bado ndiyo mwanga na ndiyo moto wa jiko. Dukani hupimwa kidogo kidogo kwa kadiri ya fedha, na mnunuzi huja na chupa ya soda, akarudi nayo na kuiweka chini, karibu na jiko. Mtoto wa miaka miwili hatambui hatari kwa harufu. Ajualo ni kwamba chupa kama ile ndiyo aliyonyweshwa siku ya Idi, na sasa ana kiu. Apigapo funda hupaliwa, na hapo ndipo madhara yaingiapo, kwa sababu mafuta haya, kwa wepesi wake, hayadhuru tumbo kama yadhuruvyo mapafu, ambamo huenea upesi na kuitaabisha pumzi. Kwa hiyo desturi ya kumtapisha, au kumshindilia maziwa hata atapike, ijapokuwa yatokana na huruma, humzidishia balaa, kwani mafuta yapandapo tena kooni hupata njia ya pili ya kuingia mapafuni. Avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe ngozi, apelekwe hospitali bila kukawia, ijapokuwa bado acheka, maana taabu ya pumzi na homa huweza kudhihiri baada ya saa kadhaa.

Moto na maji nitavitaja kwa mukhtasari. Jiko la mkaa na sufuria ya uji visikae sakafuni anapotambaa mtoto; naye akiungua, jeraha limwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, wala lisipakwe dawa ya meno, unga au samli. Kisima na pipa vifunikwe, na ndoo imwagwe baada ya kazi, kwani mtoto anayeanza kusimama, kwa uzito wa kichwa chake, akiiangukia hawezi kujinyanyua, naye hufa kimya.

Nikirejea kwenye mafuta ya taa: huko Afrika ya Kusini, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kaya ziligawiwa vyombo vyenye vizibo vinavyomshinda mtoto kufungua, na idadi ya watoto waliokunywa mafuta ya taa ikapungua kwa karibu nusu. Sisi tuanze na wenye maduka: wasimtilie mtu mafuta ndani ya chupa ya kinywaji, bali katika dumu lenye kizibo cha kukaza. Mwenyekiti wa semina hii akiridhia, naomba jambo hili liandikwe leo katika maazimio yetu, na nakala ipelekwe halmashauri.