Nani Ni Mlemavu Kazini? Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka 10



Mweka hazina amekwisha kuwasomea hesabu zetu, kwa hivyo mimi sitazirudia. Mwajua tulianza kwa shilingi 50 kwa wiki chini ya mwembe, na leo tuna mashine ya kusaga na twakodisha mahema na viti. Kamati imeniomba niseme juu ya neno moja lililotugombanisha mwaka huu. Neno lenyewe ni "mlemavu".

Mwenzetu mmoja, ambaye sitamtaja jina ingawa ameniruhusu kusema habari zake, alikuwa akishona katika kiwanda cha nguo. Ana kifafa tangu utotoni. Anameza dawa, na huanguka labda mara mbili kwa mwaka. Siku moja akaanguka kazini. Hakuumia wala hakuharibu kitu. Wiki ile ile akaambiwa asirudi tena, ati mtu wa kuanguka hawezi kukaa na cherehani. Akauliza kama anaweza kupewa kazi ya mezani, ya kukagua na kukunja nguo, kwa vile ana ulemavu. Akajibiwa: wewe si mlemavu, miguu unayo, macho unayo. Sasa angalieni hapo. Wakati wa kumtoa alikuwa mgonjwa, na wakati wa kudai haki akawa mzima!

Lilipoletwa jambo hili mkutanoni, wengi walisema kiwanda kimesema kweli. Hata yeye mwenyewe alisema, "Jamani, mimi si kilema." Maana sisi tumezoea kwamba mlemavu ni yule wa gongo, au asiyeona.

Basi mimi na katibu tukakaa na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Elimu yangu ni ya darasa la saba tu, lakini ukisoma polepole utafika. Kifungu cha 260 ndicho kinachoeleza maneno. Kwa lugha yetu ya kawaida, kinasema ulemavu ni pamoja na upungufu wowote wa mwili, wa kuona au kusikia, wa akili au wa nafsi, na pia hali nyingine au ugonjwa, ambao unaathiri kwa kiasi kikubwa au kwa muda mrefu uwezo wa mtu kufanya mambo yake ya kila siku. Halafu kinaongeza jambo ambalo tulilisoma mara tatu: au ambao sehemu kubwa ya jamii inaona kwamba unamwathiri hivyo.

Tazameni maneno hayo. Kwanza, ugonjwa umo ndani. Pili, wanasema "kwa kiasi kikubwa au kwa muda mrefu", hawakusema vyote viwili pamoja. Mtu aliyevunjika mkono ukafungwa wiki sita, ukapona, huyo kwa kawaida hatahesabiwa. Kifafa cha miaka 40 ni kitu kingine. Tatu, kipimo ni mambo ya kila siku, si kazi peke yake. Mtu aweza kuwa fundi hodari kuliko wote kiwandani na bado sheria ikamhesabu. Kwa hivyo ile hoja ya "mbona anafanya kazi vizuri" haimwondolei haki.

Lakini lile la mwisho ndilo kubwa, la jinsi watu wanavyomwona. Kuna mama aliyewahi kuugua akili, akatibiwa, sasa ni mzima na anauza samaki wake. Mtaani bado wanamwita mwenda wazimu, na hakuna anayempa kazi. Pengine daktari hataona kitu. Katiba haimwangalii yeye tu, yatuangalia na sisi tunaomnyooshea kidole.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo ina maelezo yake: upungufu unaomrudisha mtu nyuma katika kushiriki mambo ya jamii na ya uchumi. Kifungu cha 5 chamkataza mwajiri kubagua kwa ajili ya ulemavu, na kinasema mwajiri ndiye wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Kuna aliyeniuliza kama mimba ni ulemavu. La, si ulemavu, lakini kifungu hicho hicho kinaitaja mimba na kukataza ubaguzi kwa ajili yake.

Kuhusu kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ichukueni. Unapimwa hospitali ya serikali, kisha unaandikishwa, na kuna misaada ambayo huipati bila hiyo. Lakini kile kifungu cha 260 hakisemi mlemavu ni mwenye kadi. Mtu asikufukuze akakwambia hukulindwa kwa kuwa huna kadi.

Nisiwadanganye. Sheria haisemi mtu abakishwe katika kazi asiyoiweza kabisa. Inamtaka mwajiri arekebishe linalowezekana bila kubeba mzigo uliomzidi: kiti, ngazi, saa za kazi, au meza ya kukunjia nguo badala ya cherehani. Na sheria mpya ya watu wenye ulemavu, ya mwaka 2025, iliyochukua mahali pa ile ya 2003, inamtaka mwajiri wa watu 20 na zaidi atenge asilimia 5 ya nafasi. Kwa watu 20 ni mtu mmoja. Ni mmoja tu, jamani!

Mwenzetu amekwenda kwa afisa wa kazi. Anayeachishwa bila haki apeleke malalamiko huko kabla ya miezi mitatu kupita, na yeye aliwahi. Nauli ilitoka mfuko wa dharura na mkutano ulipitisha.

Sasa nafika kwetu. Kwenye mashine yetu twatafuta msichana wa kupokea pesa. Ameomba binti mmoja mwenye kibiongo, hesabu anazijua, na barua yake ni nzuri. Nimesikia maneno ati wateja watakimbia. Sisi hatufikii wafanyakazi 20, kwa hivyo ile asilimia 5 haitugusi. Lakini kukatazwa kubagua kunamgusa kila mwajiri, hata wa mtu mmoja. Na hilo la wateja ndilo lile lile la jinsi watu wanavyomwona.

Usaili ni Jumamosi saa tatu asubuhi, pale kwenye mashine. Walioomba ni wanne, naye yumo. Kila mmoja atapewa daftari lile lile la mauzo ajumlishe, na kamati nzima iwepo, si mimi na katibu peke yetu.

Chakula kiko tayari.