JINA LAKE SI LAKO KULITANGAZA

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Igoma, Mwanza)



Mada ya leo, kama kawaida yetu, imetoka kwenye sanduku la maswali. Mmoja wenu ameandika hivi, nami nimebadilisha maneno kidogo ili asijulikane:

"Baba wa rafiki yangu alikuwa mlevi wa kulala mtaroni. Sasa ameacha. Nimegundua anakwenda kwenye kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha pombe. Nilitaka kuwaambia wenzangu darasani ili wajue ulevi unaachika, lakini rafiki yangu amekasirika sana. Kosa langu ni nini? Mbona watu maarufu wanatangaza wenyewe?"

Swali zuri, na nia ya mwandishi ni nzuri pia. Lakini rafiki yake ana haki ya kukasirika. Hebu tuone kwa nini.

VIKUNDI HIVI VILIANZAJE?

Kikundi kinachojulikana zaidi duniani huitwa AA, maana yake ni walevi wasiotajwa majina. Kilianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani. Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa amekaa miezi michache tu bila pombe. Biashara iliyompeleka Akron ikaharibika, na kiu ikaanza kumrudia. Badala ya kuingia baa, akapiga simu makanisani akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Ndipo akakutanishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, ambaye pombe ilikuwa inammaliza. Wakaongea kwa saa nyingi. Daktari Bob alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935.

Leo AA ina vikundi katika nchi takriban 180. Hata hapa kwetu, nyumba nyingi za upataji nafuu, zile ambazo watu huziita soba, Zanzibar na Bara, hufuata utaratibu wa namna hiyo: watu wanakaa pamoja, kila mmoja anasimulia yake, na mengi ya yanayosemwa humo hayatoki nje. Katika mikutano ya AA mtu hujitaja kwa jina la kwanza tu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hizi zimekubaliana kutosema.

SABABU YA KWANZA: MLANGO USIVUJE

Utegemezi wa pombe ni ugonjwa, lakini jamii yetu bado inauona kama tabia mbaya tu. Mgonjwa wa malaria hamfichi mtu. Mlevi anaficha, na mke anaficha, na watoto pia wanaficha.

Sasa fikiri wewe ni konda wa daladala ya Igoma na mjini, au mwalimu, au mama mwenye genge sokoni. Unataka kuacha pombe. Unasikia kuna kikundi, lakini unasikia pia kwamba aliyeingia juzi, jana kila mtu sokoni alikuwa anamtaja. Je, utakwenda? Hutakwenda! Utabaki na chupa yako, kwa sababu chupa haisemi.

Kwa hiyo ukimtangaza baba mmoja, hata kwa kumsifu, unaweza kuwafungia mlango wengine ambao hawajafika. Na huyo baba mwenyewe je? Watu wengi wanaoacha pombe hurudia mara moja au zaidi kabla hawajasimama imara. Siku akiteleza, darasa zima litamcheka mtoto wake. Rafiki yako analijua hilo. Ndiyo maana amekasirika.

SABABU YA PILI: SIFA NAZO ZINALEVYA

Tuje kwa watu maarufu. Mwaka 1940 mchezaji wa besiboli wa timu ya Cleveland, Rollie Hemsley, aliwaambia waandishi wa habari kwamba ameacha pombe kwa msaada wa AA. Habari ikaenea nchi nzima. Bill Wilson naye akaanza kutoa jina na picha yake magazetini. Faida ilionekana, maana wagonjwa wengine walikijua kikundi kwa njia hiyo.

Lakini wanachama wakaona hatari. Mtu mmoja akiwa sura ya kikundi, siku akirudia pombe watu watasema, "Mnaona? Hakuna dawa pale." Na anayeshangiliwa huweza kusahau kwamba yeye bado ni mgonjwa kama yule aliyeingia leo asubuhi. Kwa hiyo wakaandika kanuni, zikatolewa mwaka 1946 na kupitishwa mwaka 1950. Moja inasema mwanachama asijitambulishe kwenye magazeti, redio au filamu kuwa ni mtu wa AA. Bill Wilson alikataa kutokea kwenye jalada la gazeti la Time, na mwaka 1954 akakataa shahada ya heshima ya Chuo Kikuu cha Yale. Alikufa Januari 1971. Jiwe la kaburi lake halisemi lolote kuhusu AA.

Faida yake ni kwamba ndani ya chumba kile hakuna bosi wala kibarua. Daktari na mvuvi wanakaa benchi moja.

SASA LUTAAYA JE?

Najua mtaniuliza hivyo. Mwaka 1989 mwanamuziki wa Uganda, Philly Lutaaya, alitangaza hadharani kuwa ana UKIMWI, akazunguka mashuleni na makanisani akiwaonya watu. Alifariki Desemba mwaka huohuo. Ujasiri wake uliwafungua wengi macho. Na hapa Tanzania, mwaka 2012 taifa zima lilijua habari za msanii Ray C na dawa za kulevya, na Desemba mwaka huo alikwenda Ikulu kumshukuru Rais Kikwete kwa kumsaidia kupata matibabu. Vijana wengi walisikia kwa mara ya kwanza kwamba uraibu unatibiwa.

Hayo ni mazuri. Lakini yana gharama, maana anayetibiwa mbele ya watu hata akijikwaa anajikwaa mbele ya watu.

Zaidi ya hayo, Lutaaya alilitoa jina lake mwenyewe. Hakutangazwa na mtoto wa jirani. Hata kanuni ya AA haimkatazi mtu kusema, "Mimi nilikuwa mlevi, nimeacha." Inamtaka tu asikitumie kikundi kujitangaza, wala asitaje mwenzake. Jina lako ni mali yako, unaweza kulitoa. Jina la mwingine si lako.

SIRI GANI ISIFICHWE?

Hapa tusikilizane vizuri. Kumficha mtu anayetibiwa ni heshima. Kuficha mateso si heshima. Kama mlevi nyumbani anakupiga, anakushika vibaya, au mnalala njaa, hiyo si siri ya kutunza. Mwambie mwalimu unayemwamini au ofisa wa ustawi wa jamii, au piga simu 116, namba ya bure ya kusaidia watoto Tanzania.

Jambo jingine: mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache ghafla peke yake. Anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, hata kupata degedege na kufa. Apelekwe hospitali. Bugando wana wataalamu wa afya ya akili.

Na wewe uliyeandika swali: wenzako unaweza kuwafundisha bila kumtaja mtu. Waambie, "Ulevi unatibika, wapo walioacha." Halafu nenda kwa rafiki yako, umwombe radhi, umwambie jina la baba yake liko salama kwako. Huenda huna habari ni miaka mingapi amesubiri kusikia neno hilo.



MASWALI YA KUJADILI
1. Kwa nini hamuandiki majina yenu kwenye sanduku la maswali?
2. Mtu maarufu akitangaza kuwa ameacha pombe, nani anafaidika, na nani anaweza kuumia?
3. Siri ipi ni ya kutunza, na ipi ni ya kusema haraka?