Kabla ya Kipenga: Kujiamini kwa Wanamichezo na Matokeo Yao Mpakani



Msimu wa michezo ya shule unapowadia katika kaunti hii ya Busia, mpakani na Uganda, kuna hotuba moja ambayo karibu kila kocha huitoa. Wachezaji wamekwisha kuvaa jezi, refa anaangalia saa, na kocha anawaambia kwamba wakiamini watashinda. Hotuba hiyo nataka kuipinga leo. Si uongo mtupu. Ni kweli ndogo inayouzwa kwa bei kubwa. Kujiamini kunamsaidia mwanamichezo, na ushahidi upo. Lakini kunamsaidia kadiri kunavyolingana na uwezo alionao kwa hakika, na sehemu kubwa ya kujiamini kunakoleta manufaa hutengenezwa wiki na miezi kabla ya shindano, mazoezini na katika mechi ambazo hakuna aliyekuja kuzitazama. Kocha anayeisubiri dakika ya mwisho amechelewa.

Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika makala aliyoichapisha mwaka 1977, alieleza kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake hutoka katika vyanzo vinne: mambo aliyowahi kuyafanya mwenyewe yakafaulu, kumwona mtu anayefanana naye akifaulu, maneno ya kutiwa moyo, na namna anavyoisoma hali ya mwili wake, yaani mapigo ya moyo, jasho, uchovu. Chanzo chenye nguvu kuliko vyote, kwa maelezo yake, ni kile cha kwanza. Maneno ya kutiwa moyo yana nafasi yake, lakini hayadumu mtu anapokutana na ushahidi unaoyakanusha. Mabao mawili ya dakika za mwanzo yanatosha kuifuta hotuba nzima. Bandura alisisitiza pia kwamba imani anayoizungumzia ni ya jambo mahususi. Msichana anayesema, "Naweza kumaliza mita 800 kwa dakika mbili na sekunde ishirini," anasema kitu kinachoweza kupimwa kwa saa ya mkononi. Anayesema, "Mimi ni moto wa kuotea mbali," hajasema kitu ambacho saa inaweza kukijibu.

Sasa tuangalie hesabu. Mwaka 2003, Tim Woodman na Lew Hardy wa Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, walikusanya tafiti 48 zilizopima wasiwasi na kujiamini kwa wanamichezo kabla ya kushindana, kisha zikalinganisha vipimo hivyo na matokeo yao. Kwa kipimo ambacho sifuri maana yake ni kutokuwa na uhusiano wowote na moja ni uhusiano kamili, kujiamini kulipata 0.24. Wasiwasi wa mawazo ulipata 0.10 kwa upande wa hasara. Kwa hiyo kujiamini kuna uzito zaidi kuliko wasiwasi, na hilo peke yake lingepaswa kumshtua kocha anayetumia nguvu zake zote kuwaambia vijana wasiogope. Hata hivyo, ukiizidisha 0.24 kwa yenyewe unapata chini ya asilimia 6: hiyo ndiyo sehemu ya tofauti za matokeo inayokwenda sambamba na kujiamini. Zaidi ya asilimia 94 iko kwingine, kwenye mapafu, miguu, chakula, kipaji, uwanja na bahati. Uchambuzi mwingine, wa Sandra Moritz na wenzake mwaka 2000, uliojumuisha tafiti 45, ulipata 0.38, na tofauti inaeleweka: wao waliangalia imani mahususi ya aina aliyoizungumzia Bandura. Swali linapokuwa la wazi, jibu linakaribia ukweli. Naongeza jambo moja ambalo watu hulipita haraka mno: katika uchambuzi wa Woodman na Hardy, uhusiano ulionekana kwa wanaume na karibu kutoweka kwa wanawake. Walimu wa timu za wasichana waliolishwa vitabu vya saikolojia ya michezo vilivyoandikwa kutokana na wavulana wana haki ya kuuliza maswali.

Mtu atasema asilimia 6 ni kitu kidogo, tuachane nacho. Hapana. Tarehe 3 Agosti 2022, mjini Birmingham, Ferdinand Omanyala, kijana aliyekulia Tongaren katika kaunti jirani ya Bungoma, alishinda mita 100 za Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa sekunde 10.02. Akani Simbine wa Afrika Kusini alifuata kwa 10.13, na Yupun Abeykoon wa Sri Lanka kwa 10.14. Kati ya fedha na shaba palikuwa na sehemu moja ya mia ya sekunde. Pale ambapo watu wamekaribiana hivyo, kitu kidogo huamua. Lakini huamua baada ya yale mengine 94 kuwa yamekwisha kuwakutanisha kwenye mstari mmoja, na hapo ndipo wahubiri wa kujiamini wanapokosea mpangilio wa mambo.

Kuna swali gumu zaidi: je, ni imani inayoleta matokeo, au matokeo yanayoleta imani? Deborah Feltz alilichunguza mwaka 1982 kwa wanawake wa chuo waliotakiwa kujitupa majini kinyumenyume, kitendo kinachomtisha mtu yeyote. Kabla ya jaribio la kwanza, imani ya mhusika ilibashiri vizuri kama angejitupa au angerudi nyuma. Baada ya hapo mizani iligeuka. Kilichobashiri jaribio lililofuata zaidi kuliko kingine kilikuwa jaribio lililotangulia, na imani ikawa inafuata matendo kuliko kuyatangulia. Kwangu mimi huu ndio ufunguo. Imani ina kazi kubwa pale mtu anapokabili jambo ambalo hajawahi kulifanya. Baada ya hapo, kazi yake kubwa ni kuweka kumbukumbu.

Kumbukumbu hiyo inaweza kuwa sahihi au ya uongo. Kila mmoja wetu amewaona madereva wa malori wakisubiri Malaba, na anajua kinachotokea mzigo usipolingana na hati zake: lori linakaa, hata kama hati zimepigwa mihuri yote duniani. Mwanamichezo naye huingia uwanjani na hati inayosema amebeba nini, na shindano ndilo linalofungua turubai.

Machi 26, 2017, turubai ilifunguliwa Kampala. Mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalikuwa yamekuja Kololo, na Joshua Cheptegei wa Kapchorwa, ng'ambo ya Mbale kwenye miteremko ya Mlima Elgon, alikimbia mbele ya watu wake. Alijitenga na kundi na kuongoza kwa mwanya mkubwa, umati ukilipuka. Katika kilomita ya mwisho miguu ilimwisha. Wale waliouona mkanda wake hawajausahau: mtu anayeyumba, hatua zikiwa fupi kama za mtoto, huku Geoffrey Kamworor wa Kenya, aliyekuwa amejizuia kwa subira, akimpita na kutetea taji lake. Cheptegei alimaliza wa 30. Joto la siku ile lilichangia, na sidai kwamba niliingia kichwani mwake. Lakini hakuna anayeweza kusema kwamba Cheptegei alishindwa kwa kukosa kujiamini. Imani aliyokuwa nayo ilimtosha kukimbia mwendo ambao mwili wake, siku ile na kwa umbali ule, haukuweza kuulipia. Zaidi kidogo ya miezi minne baadaye, London, alipata fedha ya dunia ya mita 10,000 nyuma ya Mo Farah. Mwaka 2019 alirudi kwenye nyika, huko Aarhus, akashinda. Mwaka 2020 alivunja rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000, ile ya pili kwa dakika 26 na sekunde 11, na mwaka 2024 akatwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Paris. Kilichobadilika kati ya Kololo na Paris si kiasi cha imani. Alijifunza bei ya kila mwendo.

Ushahidi wa maabara unaelekea huko huko. Mwaka 2010, Woodman na wenzake waliwafanyia jaribio watu waliobobea katika kuruka kamba: walipunguza kidogo kujiamini kwa baadhi yao kwa kuwaonya kwamba kamba mpya ingewasumbua zaidi. Wale waliotiwa shaka waliruka vizuri zaidi. Chembe ya shaka ilisaidia. Usiichukulie hiyo kama ruhusa ya kuwatukana wachezaji wako wakati wa mapumziko. Waliojaribiwa walikuwa na ujuzi tayari, na shaka waliyopewa ilikuwa ndogo. Inatuonyesha tu kwamba ile mantiki ya "kadiri unavyojiamini zaidi ndivyo utakavyofanya vizuri zaidi" ina mwisho wake.

Mashabiki wa pande zote mbili za mpaka huu wana kumbukumbu zao za jambo hili. Oktoba 8, 2011, Uganda Cranes waliingia Namboole kucheza na Kenya wakihitaji ushindi ili waende Kombe la Mataifa ya Afrika, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya tangu 1978. Nchi nzima ilikuwa imekwisha kusherehekea. Matokeo yalikuwa sare ya bila kufungana, na Angola ikaenda. Wakenya wasicheke sana. Agosti 2025, katika mashindano ya CHAN, Harambee Stars walioingia bila kupewa nafasi kubwa waliwafunga DR Kongo, wakatoka sare na Angola, wakawafunga Morocco na Zambia, na kuongoza kundi. Kufika robo fainali Kasarani dhidi ya Madagaska, imani ilikuwa kileleni. Tulitoka sare ya 1-1 na kutolewa kwa penalti 4-3. Morocco tuliyoifunga tukijidharau ndiyo iliyochukua kombe. Mechi moja haithibitishi nadharia, na penalti hasa ni kamari. Nazitaja mechi hizi kwa sababu watu hukumbuka imani ya siku walizoshinda na kuisahau ile ile ya siku walizoshindwa.

Hapo ndipo penye udhaifu wa pingamizi ninalolisikia mara nyingi, kwamba mabingwa wote hujiamini, kwa hiyo kujiamini huleta ubingwa. Omanyala huzungumza kama mshindi kabla ya kukimbia, kweli. Alizungumza hivyo kabla ya Birmingham, na hakuwa kimya kabla ya Paris 2024, ambako aliishia nusu fainali. Tunawahoji walioshinda, walioshindwa wakiwa na imani ile ile hatuwawekei kipaza sauti. Kinachonivutia kwa Omanyala ni Julai 2022, ambapo viza ya Marekani ilichelewa hata akafika Eugene, kwenye mashindano ya dunia ya riadha, saa chache tu kabla ya kukimbia. Usingizi, chakula, mwili kuzoea saa mpya, vyote vilivurugika. Akafika nusu fainali, akaishia hapo. Chini ya wiki tatu baadaye alikuwa bingwa wa Jumuiya ya Madola. Sioni sababu ya kudhani kwamba imani yake ilikuwa pungufu Marekani na ikajaa Uingereza. Kilichotofautiana waziwazi ni maandalizi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa walimu wenyewe: kuzungumzia kujiamini mbele ya vijana wasio na viatu ni kuwatupia lawama ya umaskini wao. Nakubaliana nalo kuliko wanavyotarajia. Ikiwa imani ya kweli hutokana na yale mtu aliyowahi kuyafanya, basi asiyepewa nafasi ya kuyafanya ananyimwa imani pia, na hotuba ya kocha inakuwa njia rahisi ya kuficha bajeti iliyokosekana. Mganga anayelipwa kunyunyizia dawa golini hufanya kazi ile ile, ingawa ada yake, kwa haki, huwa inajulikana mapema.

Nafasi hizo, hata hivyo, ziko karibu nasi: Busia na Malaba zina mali ambayo Nairobi haina, yaani wapinzani wa nchi nyingine walio jirani. Nairobi iko zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa. Tororo iko mwendo mfupi tu kutoka Malaba, na Mbale iko karibu kuliko Eldoret. Mwiteso wa Amagoro anapocheza na Mwiteso wa Tororo, au Msamia na Msamia, hakuna haja ya mkalimani. Michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki ilikuwa Mbale Agosti 2024 na Kakamega Agosti 2025. Basi za timu zilivuka mpaka wetu kwenda na kurudi. Kwa vijana wengi ndani ya basi hizo, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kukutana na Waganda uwanjani, na walilijua jina la St. Mary's Kitende, shule iliyokwisha kulitwaa kombe la soka mara kadhaa, kabla ya kumwona hata mchezaji wake mmoja. Mtu wa namna hiyo yuko kwenye jaribio la kwanza la Feltz: hana kumbukumbu, ana sifa za kusikia tu. Ongeza basi lililokwama nyuma ya malori, mwalimu akihesabu vitambulisho kwa mara ya tatu, golikipa aliyekula mandazi mawili tangu alfajiri akihisi tumbo limemkaza na kudhani ni woga kumbe ni njaa. Chanzo cha nne cha Bandura hakihitaji mwanasaikolojia hapo. Kinahitaji chakula na kuvuka siku moja mapema.

Kwa hiyo napendekeza kwamba fedha za kaunti zinazotengwa kwa ajili ya kuhamasisha timu wakati wa fainali zihamishiwe kwenye mechi za kirafiki za kuvuka mpaka kuanzia mwanzo wa mwaka, ikiwemo dhidi ya wapinzani watakaotufunga. Na kila mwalimu awe na daftari. Kabla ya kila mbio, mwanariadha aandike muda anaotarajia. Kabla ya kila mechi, mshambuliaji aandike ni mikwaju mingapi kati ya kumi ataitia wavuni mazoezini. Baadaye aandike kilichotokea, kwenye mstari ule ule. Atakayejikuta kila mara ameandika zaidi ya alichofanya apunguziwe mwendo wa mwanzo. Atakayejikuta ameandika pungufu, na nina hakika wasichana wengi watakuwa hapo, aonyeshwe ukurasa wake mwenyewe asubuhi ya shindano, na mwalimu asiongeze neno.