Boliti Hukazwa kwa Kipimo
(Maneno ya fundi mmoja mbele ya makanika wa chama)

Ndugu mafundi, mkono si mizani. Boliti ya silinda hedi ikilegea, gasketi huungua. Ikikazwa mno, huvutika na mwisho hukatika. Tumieni spana yenye kipimo, na kitabu cha injini ile ile. Safisheni hesi. Mafuta tieni pale tu kitabu kinaposema, maana boliti yenye mafuta huvutika zaidi kwa kipimo kile kile. Anzeni katikati mkienda pembeni, kidogo kidogo, hedi isipinde. Boliti za siku hizi zikazwazo kwa digrii, nyingi hazirudishwi: zitakeni mpya.

Injini ikifa, anayelaumiwa ni fundi. Basi tumdai mwajiri spana hiyo, na tukiipata tuitumie.