Ruhusa Kwanza, Kazi Baadaye

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu, wazee wenzangu mliolala katika mabweni haya, na ninyi vijana mlioketi nyuma mkisikilizia harufu ya pilau:

Katibu aliponipigia simu aliniomba niwaeleze vijana "jinsi ya kufanikiwa ng'ambo". Nikamjibu kwamba somo hilo sina. Ninaloweza kueleza ni jambo moja dogo ambalo limewaangusha vijana wetu wengi wenye akili kuliko mimi, nalo ni kufanya kazi nje ya chuo ukiwa mwanafunzi katika nchi ya watu. Akakubali, kwa sharti kwamba nisipitishe dakika ishirini.

Mimi nilizaliwa Akheri, hapo juu ya Tengeru, katika shamba la kahawa na migomba. Mwaka 1999 nilipata nafasi ya kusomea kemia ya maji katika chuo kimoja cha jimbo la Iowa, Marekani. Chuo kilinisamehe sehemu kubwa ya ada. Iliyobaki, pamoja na chakula na malazi, ilitoka kwa baba yangu na mchango wa ukoo. Tulikuwa wawili tuliotoka shule hii mwaka ule kwenda chuo kile kile. Mwenzangu nilisoma naye, nikalala naye kitanda cha juu na cha chini katika bweni lililo nyuma ya bwalo. Simtaji jina. Yeye mwenyewe ameniruhusu nisimulie habari hii, na yupo hapa ndani leo. Msigeuze shingo kumtafuta, hatanyoosha mkono.

Sheria ya Marekani humruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi ndani ya chuo, si zaidi ya saa 20 kwa juma wakati wa masomo, na zaidi ya hapo wakati wa likizo. Basi mimi niliosha sahani katika bwalo la chuo, mwenzangu akapanga vitabu maktaba. Tuliishi hivyo miaka miwili, si kwa raha, lakini tuliishi.

Kisha ikaja mwaka 2001. Wazee mliolima kahawa mnaukumbuka. Bei ya kahawa duniani ilianguka hadi mahali ambapo haijapata kufika kwa miongo mingi. Baba akaniandikia barua ya ukurasa mmoja na nusu. Sentensi moja naikumbuka mpaka leo: "Mwanangu, kahawa ya mwaka huu haikulipa hata mrututu tulioipulizia." Hakusema kwamba hataleta fedha. Hakuhitaji kusema. Upande wa mwenzangu nako hali ilikuwa hiyo hiyo: kaka yake aliyekuwa akimlipia kutoka machimbo ya Mirerani alikuwa amechimba mwaka mzima na shimo halikutoa kitu.

Juma lile lile akatokea mtu aliyetuambia kwamba kuna ghala nje ya mji linatafuta vijana wa kupakia mizigo usiku. Karatasi haziulizwi sana, alisema. Tuanze Jumamosi. Sote wawili tukakubali.

Siku ya Alhamisi, ndugu zangu, woga ukanishika. Nikaenda kwa mama mmoja aliyekuwa ofisa wa wanafunzi wa kigeni pale chuoni, nikamwuliza swali kwa ajili ya "rafiki yangu mmoja". Mnajua swali la namna hiyo linavyoulizwa. Yule mama hakucheka. Alivua miwani, akaniambia: "Mwambie rafiki yako asianze hiyo kazi. Halafu mwambie kwamba upo mlango halali."

Akanieleza. Mwanafunzi wa kigeni aliyekwisha kusoma mwaka mmoja mzima wa masomo, na ambaye hali yake imetunzwa sawasawa, akipatwa na shida kubwa ya fedha ambayo hakuitazamia wala hakuisababisha, anaweza kuomba ruhusa ya kufanya kazi nje ya chuo. Shida zenyewe ni kama vile kupoteza msaada wa masomo bila kosa lake, thamani ya fedha ya kwao kuporomoka, gharama za matibabu, au mfadhili wake kufilisika. Ofisa wa chuo hutia sahihi kwamba anaunga mkono ombi, kisha ombi huenda Idara ya Uhamiaji. Likikubaliwa, mwanafunzi hupewa kadi ya kazi. Akiisha kuishika mkononi, ndipo anapoanza kazi, si zaidi ya saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Ruhusa hutolewa kwa muda usiozidi mwaka mmoja mmoja.

Nikakusanya ushahidi. Baba akanitumia stakabadhi za chama cha msingi za miaka mitatu, ili Wamarekani waone jinsi bei ilivyoshuka ngazi kwa ngazi. Barua yake ilibidi itafsiriwe, na mwanafunzi mmoja Mkenya wa shahada ya pili akaifanya kazi hiyo na kutia sahihi. Alikwama kwenye neno "mrututu", nikamweleza kwamba ni ile dawa ya buluu inayochafua mashati ya wakulima wote wa mlimani. Nikangoja zaidi ya miezi miwili nikila wali na maharage, mara nyingine maharage bila wali. Kadi ikaja. Nikapata kazi halali ya jioni katika duka la dawa, nikamaliza masomo mwaka 2003.

Sasa nifike mahali panaponiuma. Siku ile ya Alhamisi niliporudi bwenini nilimkuta mwenzangu akitafuta glovu za kupakia mizigo. Akaniuliza kama niko tayari kwa Jumamosi. Nikamwambia nina mtihani. Sikumwambia nilikotoka. Sikumwambia habari ya ule mlango. Kwa nini? Kwa aibu. Sikutaka mtu yeyote kutoka nyumbani ajue kwamba kwa baba yangu fedha zimekwisha. Yeye naye alinificha habari za Mirerani kwa aibu ile ile. Jumamosi akaenda kazini. Tangu saa ile mlango ukafungwa kwake, maana aliyekwisha kufanya kazi bila ruhusa hana hali njema ya kuombea ruhusa. Zilikuwa siku mbili tu, na neno moja lingetosha.

Alifanya kazi usiku, akasinzia darasani mchana. Mwaka 2002 aliacha masomo mawili kwa kuchoka, akawa chini ya kiwango cha mwanafunzi wa muda wote, na hali yake ya kisheria ikapotea. Hilo peke yake lingeweza kurekebishwa, kwa kuwa mwanafunzi aliyeteleza anaweza kuomba arudishiwe hali yake. Lakini katika ombi hilo linalo sharti hili: awe hajafanya kazi bila ruhusa. Watu walimshauri aandike kwamba hajafanya. Ghala lenyewe, walisema, haliwezi kusema. Alikaa na ile fomu siku tatu mezani. Halafu akaniambia: "Mimi nimepakia mizigo ile kwa mikono yangu. Siwezi kuandika kwamba haikuwa mikono yangu." Akafunga sanduku, akarudi Arusha, akiwa amebakiza mihula miwili apate shahada.

Ndugu Mwenyekiti, nimesema habari hiyo ili vijana wajue kwamba ninayowaambia sasa sikuyasoma kwenye gazeti.

Mbali na ruhusa ya shida, Marekani wanazo njia nyingine mbili kuu. Ya kwanza ni mafunzo ya vitendo yaliyo sehemu ya masomo, wanayoyaita kwa herufi CPT. Yanafanana na yale ambayo wanafunzi wa vyuo vyetu huyaita fildi. Kwa kawaida huanza baada ya mwaka mmoja wa masomo, na ofisa wa chuo ndiye anayeidhinisha na kuandika jina la mwajiri na tarehe kwenye karatasi yako. Angalieni: anayefanya mafunzo hayo kwa muda wote wa kazi miezi 12 au zaidi hupoteza njia ya pili kwa ngazi ile ya masomo.

Njia hiyo ya pili huitwa OPT, mafunzo ya vitendo ya hiari. Ni miezi 12 kwa kila ngazi ya shahada, na wengi huitumia baada ya kumaliza. Waliosomea sayansi, uhandisi, teknolojia na hesabu huweza kuongezewa miezi 24 kwa mwajiri anayetimiza masharti. Ombi la kwanza hupelekwa kuanzia siku 90 kabla ya kumaliza masomo hadi siku 60 baada yake. Ukichelewa siku moja, umekosa. Na ukiisha kupewa, siku za kukaa bila kazi zinahesabiwa: zikizidi 90 katika ule mwaka wa kwanza, ruhusa imeharibika. Mimi nilitumia miezi yangu 12 katika maabara ya maji, nikajifunza kupima na kupunguza floridi. Wenzangu wa huku mnaofunika mdomo mkicheka, kwa ajili ya meno yetu haya ya rangi ya chai, mnajua kwa nini nilirudi na kazi hiyo.

Tena, sheria hizi hazifanani kila nchi. Uingereza, mwanafunzi wa shahada kwa kawaida huruhusiwa saa 20 kwa juma wakati wa muhula. Kanada waliongeza hadi saa 24 nje ya chuo kuanzia Novemba 2024. Ujerumani, tangu Machi 2024, huhesabu siku: 140 kamili kwa mwaka, au nusu siku 280. India, ambako vijana wetu wengi husoma, viza ya mwanafunzi si ruhusa ya ajira. Na sheria hubadilika. Desemba 2025 Rais wa Marekani alitia sahihi tangazo la kusimamisha, kuanzia 1 Januari 2026, utoaji wa viza za wanafunzi kwa raia wa nchi kadhaa, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Kwa hiyo msichukue maneno yangu ya leo mkayafanya sheria ya keshokutwa. Ulizeni hali ilivyo siku ile mnayotaka kwenda.

Wako watakaosema kwamba wazungu wanatuonea. Lakini tujitazame na sisi. Hapa Tengeru kipo chuo cha Nelson Mandela kinachosomesha vijana wa nchi mbalimbali za Afrika. Mmoja wao akitaka ajira mjini Arusha, kibali cha mwanafunzi hakimtoshi. Sheria yetu ya mwaka 2015 inadai kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi. Julai 2025 Serikali yetu ilikataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, na kuongoza watalii ni mojawapo. Waongoza watalii wa pale Mnara wa Saa walifurahi. Kila mwenye nyumba hulinda jiko lake, na mgeni mwenye adabu hubisha hodi kwanza.

Sisi wa mlima huu tunajua uzito wa karatasi kuliko wengi. Mwaka 1951 babu zetu waliondolewa Ngare Nanyuki kwa nguvu ya amri iliyoandikwa na wengine. Mwaka 1952 wakachanga fedha zao, wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, akiwa na madai yao kwa maandishi. Ardhi haikurudi siku ile, lakini dunia ilisikia, kwa sababu jambo lao lilifikishwa mahali panapostahili.

Vijana, ninawaachia mambo matatu. Kwanza, msianze kazi yoyote kabla ruhusa haijawa mkononi kwa maandishi. "Wote wanafanya" si ruhusa, wala ahadi ya tajiri si ruhusa. Pili, mkipatwa na shida nendeni mapema kwa ofisa wa chuo, na mtunze kila stakabadhi na barua ya nyumbani, maana shida isiyo na ushahidi ni hadithi tu. Tatu, na hili ndilo kubwa, ambianeni. Umaskini wa nyumbani si siri ya kumfia mtu. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, nami nimeuona ukweli wake katika maisha ya mtu mwingine, jambo ambalo ni baya zaidi.

Mwenzangu leo anayo karakana kule Unga Limited. Anatengeneza magari ya watalii, ameajiri vijana, na watoto wake wanasoma. Hakuharibikiwa. Lakini shahada ile aliikosa, nami ninayo. Mwaka jana ndipo nilipomweleza habari ya ile Alhamisi, baada ya kuificha zaidi ya miaka 20. Alinyamaza kitambo, akijifuta grisi mikononi. Kisha akasema: "Basi usiniambie mimi. Kawaambie wale watoto."

Ndugu Mwenyekiti, nimewaambia.