Mwenge Usiopokelewa



Waingereza wana msemo wao. Mtu akipenda asipopendwa, husema anambebea mwenzake mwenge. Msemo huo ulienea kutoka Marekani katika miaka ya 1920, hata nyimbo za majonzi ya mapenzi zikaitwa nyimbo za mwenge.

Ukimfasiria Mtanzania neno kwa neno, atashangaa. Mwenge anaoujua yeye ni ule wa Uhuru, ambao Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha kilele cha Kilimanjaro usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Mwenge wetu hukimbizwa, na kila wilaya wako watu mpakani wanaoungoja kwa ngoma na vigelegele. Mwenge wa Waingereza hauna wa kuupokea. Mbebaji anausimamisha mlangoni kwa mtu, na mlango umefungwa.

Sasa afanyeje mtu huyu? Kupenda si kosa, maana moyo hauombi ruhusa. Kosa huja baada ya jibu. Yuko kijana aliyeambiwa hapana mara tatu, naye bado anatuma barua, anatuma mashangazi, anamvizia binti njiani, mwisho anatoa vitisho. Huo si mwenge tena, ni kijinga cha moto. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili. Ridhaa ya mmoja, hata ikiwa kubwa kama mlima, haifanyi ndoa.

Kule kaskazini mwa kisiwa cha Mafia, Ras Mkumbi, upo mnara wa taa uliojengwa na Wajerumani mwaka 1892. Mnara wa namna hiyo huwashwa kwa ajili ya wapitao. Nahodha akiiona taa hujua nchi kavu iko wapi, akashika njia yake salama. Haagi wala hashukuru, na mnara haujapata hata siku moja kukifukuza chombo baharini.

Basi wewe upendaye usikopendwa, ukishindwa kuuzima mwenge wako, simama nao mahali pako. Mtakie mwenzio safari njema. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ni kweli, lakini kikohozi hakimpi mtu haki ya kumkoholea mwenziwe usoni.