Chombo cha Kazi Hakiuzwi

Hotuba ya Katibu wa Chama katika mkutano wa kuadhimisha miaka kumi



Chama chetu kilianza mwaka 2015, na miaka kumi yake imetimia katika mwaka 2025, ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Ushirika. Wasemaji waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za kuandikishwa kwetu, za hisa zetu na za ofisi yetu. Sisi tumepewa kazi ya kusema juu ya mwaka mmoja tu katika hiyo kumi, nao ni mwaka 2020. Siku ya sherehe kila mtu hupenda kusikia mazuri. Lakini kitabu cha hesabu chenye ukurasa wa faida peke yake si kitabu cha kweli, na yatupasa tuusome ukurasa wa hasara pia.

Ndugu Wanachama, sisi tulio hapa si watu wa mshahara. Tu mafundi cherehani wa Magomeni na Chikongola, mama lishe wanaopika karibu na vyuo na stendi, wachuuzi wa samaki kutoka Msanga Mkuu na Msimbati, waendesha bodaboda, mafundi wa kuchomelea, na wenye mitumbwi wa Kilambo. Hata jina la machinga, ambalo leo huitwa kila mchuuzi wa Tanzania, husemwa kuwa latokana na vijana wa huku kwetu Kusini waliokwenda Dar es Salaam kutembeza bidhaa mikononi. Riziki ya mtu wa namna hii hupatikana leo na huliwa leo. Mwisho wa mwezi kwake ni magharibi ya kila siku.

Tena riziki yetu hufuata korosho, ingawa wengi wetu hatuna hata mkorosho mmoja. Minada inapoanza mwezi wa Oktoba fedha huingia vijijini, na mkulima aliyelipwa ndiye ashonaye nguo, aezekaye nyumba, aozaye binti na achezaye mwanawe unyago. Inapofika Machi fedha hizo zimekwisha kupungua mikononi mwa watu. Basi maradhi ya korona yalitukuta katika mwezi ambao hata mwaka wa kheri huwa ni mwezi wa kubana matumizi.

Mgonjwa wa kwanza katika Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, kule Arusha. Siku iliyofuata shule zikafungwa, na siku ya pili yake vyuo navyo vikafungwa. Serikali haikuwafungia watu majumbani kama ilivyofanywa katika nchi nyingi nyingine, na masoko yetu yalibaki wazi. Kwa hiyo mtu wa mbali aweza kutuuliza: Ninyi mlipoteza nini, ilhali hakuna aliyewafungia banda? Jibu letu ni kwamba fundi hakufungiwa, bali mteja wake hakuonekana.

Mama lishe aliyepika kwa ajili ya wanafunzi wa chuo aliamka asubuhi akakuta wanafunzi wamekwisha kurudi kwao. Mwendesha bodaboda alikaa kijiweni mpaka jioni, kwani abiria aliogopa kumkaribia mtu mgongoni. Fundi cherehani ana misimu mitatu: sare za shule, nguo za Idi, na nguo za harusi na unyago. Mwaka ule shule zilikuwa zimefungwa, Ramadhani ikaanza mwishoni mwa Aprili katika siku za hofu kubwa, Idi ikapita watu wamevaa nguo za mwaka uliopita, na harusi nyingi zikaahirishwa. Misimu mitatu ilianguka kwa pamoja.

Wenzetu wa mtoni walipigwa mara mbili. Msumbiji ilitangaza hali ya hatari kuanzia tarehe 1 Aprili 2020, na biashara ya kuvuka Ruvuma ikadhoofika. Njia hiyo ilikuwa imekwisha kuingia hofu kwa sababu ya vita vya Cabo Delgado vilivyoanza Oktoba 2017. Na mwezi wa Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu wa mto, kilivamiwa, watu wakauawa na nyumba zikachomwa moto. Mwenye mtumbwi wa Kilambo hakuweza kujua lipi limemwondolea abiria, maradhi au bunduki. Alilolijua ni kwamba mtumbwi wake umekauka ukingoni.

Je, watu waliishije? Kwanza walipunguza chungu, milo mitatu ikawa miwili. Pili waligeuza kazi. Mafundi cherehani walishona barakoa za vitenge, mafundi wa kuchomelea wakatengeneza vyuma vya kuwekea ndoo za kunawia mikono, vinavyokanyagwa kwa mguu, na kina mama wa sokoni wakauza ndimu na tangawizi ambazo bei yake ilipanda. Wachuuzi wa samaki waliokosa wanunuzi wa samaki wabichi walirudia kazi ya mababu ya kukausha na kutia chumvi. Akili hizo zilisaidia, lakini hazikudumu. Barakoa ikishonwa na kila fundi wa mtaa, bei yake huwa bei ya uzi.

Tatu, waliuza vitu. Hapa ndipo tulipofika kwenye jambo tulilosimama kulisema.

Mwezi wa Mei mwaka 2020 alikuja ofisini mwanachama wetu, fundi cherehani, mama mwenye watoto. Yumo humu ukumbini, naye ametupa ruhusa kuyasema haya bila kumtaja jina. Aliomba kutoa nusu ya akiba yake. Tukamfungulia kitabu cha masharti, tukamwonyesha kifungu kisemacho kwamba mtoa akiba hana budi kutoa taarifa siku sitini kabla. Aliuliza kama Halmashauri yaweza kumfikiria. Tukamjibu kwamba Halmashauri haikutani kwa sababu ya kuepuka misongamano. Alitushukuru, kwani ni mtu wa adabu, akaenda zake.

Wiki ile ile aliuza cherehani yake.

Tarehe 29 Juni 2020 shule zikafunguliwa. Wazazi walibisha mlangoni kwake kama ilivyo desturi, mmoja ana kitambaa cha kaptula, mwingine ana kitambaa cha sketi. Hakuwa na cha kushonea. Alikwenda kushona kwa kibarua kwenye cherehani ya mwenziwe, akagawana naye kila shilingi. Siku sitini zilipotimia tulimlipa akiba yake bila kupungua hata senti, lakini cherehani iliyouzwa kwa bei ya njaa haikununulika tena kwa bei ile. Ilimchukua miaka miwili kurudi alipokuwa.

Bwana Mwenyekiti, hatukuvunja sharti hata moja. Akiba yake ilikuwa salama, lakini mwenye akiba aliangamia. Kosa lilikuwa letu sisi wa ofisi, nasi twalikiri mbele ya mkutano huu.

Hata hivyo haki yataka tuseme na upande wa pili. Fedha za ushirika hazilali sandukuni. Akiba ya mmoja ni mkopo wa mwingine. Siku ile fedha za mama huyu zilikuwa barabarani katika bodaboda, na baharini katika nyavu, na waliokopa nao hawakuwa na cha kurudisha. Kama kila mwanachama angetoa akiba yake mwezi ule, Chama kingekufa, na wa mwisho mlangoni wangetoka mikono mitupu. Kwa hiyo sharti lile si la ukatili. Upungufu wake ni kwamba liliandikwa kwa siku za kawaida tu, wala halikumfikiria mtu ambaye chombo chake cha kazi kimo hatarini.

Baada ya kuamka tulifanya tulichoweza. Wenye mikopo tuliwaongezea muda bila faini. Tena tulianza mkopo mdogo ambao dhamana yake ni chombo chenyewe, lakini chombo hakiondoki mikononi mwa mwenyewe. Cherehani huandikwa katika daftari la Chama, naye huendelea kuitumia. Waliokopa kwa njia hiyo hawakuuza vyombo vyao, na wengi wao ndio waliotulipa mapema kazi ziliporudi.

Ndugu Wanachama, kutokana na hayo twajifunza mambo matatu.

Jambo la kwanza ni kwamba mtu akiuza kitanda, hulala chini; lakini akiuza cherehani, nyavu au pikipiki, huuza na mapato ya mwaka ujao. Wajibu wa kwanza wa Chama siku ya dhiki ni kukilinda chombo cha kazi.

Jambo la pili ni daftari. Mwezi wa Aprili 2020 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba watu bilioni 1.6 wa kazi zisizo rasmi walikuwa katika hatari ya kupoteza riziki zao, basi msiba huu haukuwa wa Mtwara peke yake. Na tazameni nchi tajiri ilivyofanya. Tarehe 26 Machi 2020 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuwalipa watu wanaojiajiri wenyewe asilimia 80 ya wastani wa faida yao, isiyozidi pauni 7,500 kwa miezi mitatu. Lakini faida hiyo ilipimwa kwa hesabu za kodi za miaka iliyopita, na aliyeanza kazi karibuni, asiye na hesabu hizo, alikosa. Huku kwetu, mwezi wa Mei 2020, Benki Kuu ya Tanzania ilifungua njia kwa mabenki kupanga upya mikopo ya walioathirika, tena ikaongeza kiwango cha kutuma fedha kwa simu kutoka shilingi milioni 3 hadi milioni 5 kwa siku. Hatua hizo zilikuwa njema, lakini asiye na mkopo wa benki hakuwa na kitu cha kupangiwa upya. Msaada, uwe wa Ulaya au wa kwetu, humfikia yule ambaye kazi yake imeandikwa mahali. Mkulima wa korosho anayo stakabadhi ya ghalani, na mtumishi anayo hati ya mshahara. Fundi naye aseme kwa kalamu gani kwamba jana alipata na leo hakupata? Kwa hiyo twamsihi kila mwanachama awe na daftari, aandike kila jioni kilichoingia na kilichotoka.

Kuandikwa huku ni pamoja na kuwa katika kikundi. Mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri za wilaya na miji, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, imewekewa utaratibu wa vikundi vilivyosajiliwa. Mtu aliye peke yake mara nyingi hubaki akiitazama kwa mbali.

Jambo la tatu ni mfuko. Halmashauri yaleta mbele yenu shauri hili: kila mwaka sehemu ya ziada ya Chama itengwe, isigawanywe, isikopeshwe katika biashara za kawaida, bali iwe Mfuko wa Dhiki. Katika mfuko huo mwanachama ambaye chombo chake kimo hatarini apate fedha katika siku tatu, wala si katika siku sitini. Twajua kwamba maana yake ni gawio dogo zaidi mwezi wa Desemba. Wako watakaonung'unika, nao wana haki ya kusema. Lakini twawaomba kabla ya kupiga kura mkumbuke kwamba yaliyotupata 2020 hayakutoa taarifa ya siku sitini. Wala si maradhi peke yake yajayo ghafula. Tufani Kenneth ya Aprili 2019 iliwahamisha watu wengi wa pwani yetu kwa muda mfupi mno.

Wale mafundi wa Rochdale huko Uingereza waliofungua duka lao la ushirika Desemba 1844 hawakuwa matajiri. Wengi walikuwa wafumaji na watu wa kazi za mikono kama sisi, na walianza kwa vijisenti walivyoviweka kidogo kidogo. Wahenga wetu nao walisema, haba na haba hujaza kibaba.

Mabibi na Mabwana, huenda mmeshangaa kwamba sherehe ya miaka kumi ina chai na maandazi tu, wala hapana harufu ya pilau. Si ubahili. Halmashauri ilikata shauri kwamba fedha za ng'ombe na mchele ziwe akiba ya kwanza ya mfuko huu iwapo mtaukubali. Na mkiukataa, basi ng'ombe atachinjwa siku nyingine, nasi tutakula pamoja nanyi bila kinyongo. Sisi lakini twatumaini mtainua mikono. Na yule mama fundi, ambaye leo anashona kwa cherehani yake mwenyewe, ametuambia kuwa wake utakuwa wa kwanza kuinuka.

Mungu akibariki Chama chetu, na kazi ya mikono yetu.